Kriki inapandisha, haichungi: namna ya kuchagua kriki ya nyumba kwa bei kidogo

Ilikuwa siku ya posho, mwezi wa pili, kisha mvua ya usiku muzima. Jirani yangu, mwenye anatumika ku mugodi hapa Kolwezi, alikuwa mu repo yake. Pine ya mbele ya motokari yake, Toyota ist, ilikuwa imeisha hewa. Alituma mutoto wake kwangu: « Papa anauliza, muko na kriki? » Nilimupatia kriki yangu ya mafuta, ile ya chupa, bila kuuliza hata neno moja. Hapo njo nilikosa.

Kriki haikuingia chini ya motokari. Pine ikikosa hewa, motokari inashuka, na ile kriki ilikuwa murefu kupita nafasi yenye ilibakia. Jirani hakurudi kwangu. Alikamata jembe, akachimba kitundu mu udongo wa lupango, akasimamisha kriki mule ndani. Motokari ikapanda. Akatosha pine. Na kwa kuwa motokari ilikuwa tayari juu, akasema aangalie tena makelele yenye alikuwa anasikia kule chini tangu juma mbili. Akatandika karton juu ya matope.

Bibi yake alikuwa anafula nguo pembeni.

« Baba Watoto, ku kazi banakukatazaka kupita chini ya muzigo yenye kuninginia. Hapa ku nyumba njo unaenda kulala chini yake? »

« Dakika mbili tu, mama. »

Bibi hakubishana. Alisukuma ile pine yenye kutoboka mupaka pale, akasema: « Basi ingiza hii kwanza. » Jirani akaiingiza chini ya ubavu wa motokari, ili tu bibi anyamaze. Hakuwa bado kuingiza kichwa wakati udongo ulizama upande mumoja, kriki ikainama, na motokari ikaanguka juu ya ile pine. Mulio moja, kisha kimya. Janti ilikunjika kidogo. Mutu hakuumia.

Kriki ilikuwa yangu. Tangu ile siku siikopeshi tena bila kuuliza motokari ni gani na fasi ya kuiweka ni ya namna gani. Na kwa kuwa watu wa avenue yetu wananiuliza kila mara wanunue kriki gani, ya bei kidogo, yenye inaingia mu kofre bila kukula nafasi yote, leo ninajibu wote pamoja.

Sheria moja ya mugodi, hata mu lupango

Mwenye anatumika ku mugodi anajua hii mambo kunipita. Wakati wanatengeneza kamio kubwa na bene iko juu, hakuna mutu mwenye anaingia chini mbele ya kutia kizuizi cha chuma chenye kushikilia ile bene. Kwa nini? Bene inapandishwa na vereni, na ndani ya vereni kuko mafuta tu. Joinati ikikatika, ao tiyo ikipasuka, mafuta inatoka na chuma inashuka.

Kriki ya mafuta ni vereni ndogo. Unapompa kidogo-kidogo, mafuta inasukuma pistoni, na motokari inapanda. Kile chenye kushikilia motokari pale juu ni joinati ndogo ya kaucho. Kriki ya vise nayo haina mafuta, lakini inasimama juu ya sahani ya chuma yenye upana wa mukono: motokari ikisukumwa kidogo, inainama.

Basi tushike neno moja mbele ya kwenda ku soko: kriki inapandisha, haichungi. Kazi yake ni kunyanyua motokari ili ubadilishe pine. Kushikilia motokari wakati mutu iko chini, ile ni kazi ya shandeli, ile miguu ya chuma yenye tunaona ku garaji. Hakuna kriki, hata ya bei kali, yenye inabadilisha hii sheria.

Aina tatu zenye utakuta

Ya kwanza ni kriki ya losanje. Ni ile yenye inakuja na motokari mingi kutoka Japani: vyuma vine vyenye kufunguka kama losanje, vise murefu katikati, na manivela ya kuzungusha. Ikiwa imefungwa, iko na urefu wa sentimetre 9 ao 10 tu. Ikifunguka yote, inafika karibu 35 mupaka 38. Mara mingi inabeba kilo 800 mupaka tani 1 na nusu. Uzuri wake: ni nyepesi, inaingia hata chini ya motokari yenye pine imelala, na vise haishuki yenyewe wakati unaacha kuzungusha. Ubaya: inachokesha mikono, na sahani yake ya chini ni ndogo.

Ya pili ni kriki ya chupa, ya mafuta. Ni ndogo, iko na nguvu mingi, mutoto wa shule anaweza kuipompa. Ile ya tani 2, mara mingi, ikiwa imefungwa iko na urefu wa sentimetre 15 mupaka 18. Ni nzuri kwa motokari ya juu: RAV4, Hiace, Land Cruiser. Kwa motokari ya chini yenye pine imeisha hewa, haiingii. Njo ile ilitupata. Tena, lazima isimame wima kabisa. Ikiegama, haifai.

Ya tatu ni kriki rulanti, ile ya kutembea juu ya vipine vine vya chuma, na mukono murefu wa kupompa. Ya tani 2, ndogo, inaanza karibu ku sentimetre 13 ao 14. Inapandisha mbio na inasimama muzuri, lakini paka juu ya simenti. Wakati mukono wake unapanda, kriki yenyewe lazima itembee kidogo ili ifuate motokari. Juu ya udongo vipine vinazama, kriki haitembei, na kichwa chake kinateleza. Kama lupango yenu haina hata kipande cha simenti, usitupe falanga.

Kwa bei, losanje ya okazioni njo inakuwa chini. Chupa ya tani 2 inafuata karibu. Rulanti inapanda zaidi, na shandeli mbili zinaongezeka juu yake.

Beba metre mbele ya kubeba falanga

Watu wengi wanauliza kwanza « tani ngapi? » Swali ya kwanza ni ingine: motokari yako iko juu sentimetre ngapi wakati pine haina hewa?

Angalia pembeni ya pine. Utasoma, kwa mufano, 185/65 R15. Hesabu 65 inamaanisha kama kaucho ya pembeni iko na urefu wa asilimia 65 ya upana wa 185. Ni milimetre 120, ni kusema sentimetre 12. Hewa ikiisha, motokari haishuki zote 12, kwa sababu uzito unaikandamiza kidogo hata ikiwa na hewa, na kisha kuisha hewa kaucho yenyewe inabakia chini ya janti. Lakini sentimetre 6 ao 7 zinaweza kupotea, hata zaidi.

Sasa fanya hivi. Motokari ikiwa juu ya fasi yenye kulala sawa, tafuta fasi ya kriki. Katika motokari kidogo iko chini ya ubavu, karibu na pine, kati ya alama mbili zenye kukatwa mu chuma. Pima toka udongo mupaka pale. Tosha sentimetre 7. Ile hesabu yenye inabakia njo urefu mukubwa wenye kriki inaweza kuwa nao ikiwa imefungwa. Kama umepata 13, chupa ya 18 haina kazi kwako, hata wakikupatia bure.

Pima tena kwa upande wa juu. Kriki ikianza kupandisha, pine haitoki chini palepale: resori inafunguka kwanza, na sentimetre mingi zinaendea pale. Na pine yenye hewa inaomba nafasi kupita ile yenye kulala. Kwa motokari kidogo, tafuta kriki yenye inafika hata 35. Kwa motokari ya juu, jaribu kwanza juu ya motokari yenyewe.

Kisha, tani. Ukipandisha kona moja, kriki haibebe motokari yote, inabeba sehemu tu. Lakini kumbuka mizigo mu kofre, na udongo wenye kuinama. Mekanisien mingi wanafuata hii: kriki ibebe hata robo tatu ya uzito wote wa motokari. Vitz ao ist ni karibu tani 1: losanje ya tani 1 inatosha. RAV4 ao Noah ni karibu tani 1 na nusu: kamata ya tani 1 na nusu ao 2. Land Cruiser, ao Hiace yenye kubeba watu na mizigo, inapita tani 2: nenda ku tani 3. Usikimbilie ya tani 5 kwa kusema « nguvu mingi ni muzuri ». Chupa ya tani 5 ni murefu zaidi ikiwa imefungwa, mara mingi 20 ao kupita, na utarudi mu shida ile ile ya kuchimba kitundu.

Ku soko, usione haya

Muuzaji anaweza kupaka rangi mupya juu ya kriki ya zamani. Rangi haibebe motokari. Angalia hizi:

Kwa losanje, zungusha vise toka mwanzo mupaka mwisho. Isikie sawasawa, bila fasi ya kukwama na bila fasi ya kuruka. Angalia meno ya vise: yakiwa yamelala ao yamekulwa, acha. Angalia kama vise iko murefu sawa, haikukunjika. Kama kuko fasi yenye kuunganishwa na sude, acha palepale, hata bei ikishuka. Na uliza manivela yake: kriki bila manivela ni chuma tu.

Kwa kriki ya mafuta, pitisha kidole kuzunguka pistoni na chini ya chupa. Mafuta yakikuja ku kidole, joinati imechoka. Pistoni ingare, ikiwa na kutu ao mikwaruzo, itakula joinati mupya pia. Pompa bila muzigo mupaka juu, kisha sukuma na mikono: ikirudi kama resori, kuko hewa ndani. Ile inaweza kutengenezwa, mara mingi kwa kufungua vana na kupompa mara mingi bila muzigo. Mafuta kutoka ni mambo ingine.

Soma maandishi. Tani ngapi, urefu wa chini, urefu wa juu. Kriki zenye kufuata sheria ya Ulaya zinaandikwa EN 1494. Etiketi inaweza kudanganya, lakini kriki yenye haiandikwe hata tani zake haifai kuingia mu nyumba yako.

Kisha fanya jaribio ya sanduku ya kiberiti. Omba kupandisha motokari palepale, juu ya fasi ngumu, mupaka pine itoke chini. Simamisha sanduku ya kiberiti chini ya pine, na ushushe polepole mupaka pine ikaribie kuigusa. Ngojea dakika 10, mukizungumuza bei. Ikiwa kriki inashuka, sanduku itakandamizwa na utaona. Muuzaji mwenye anakataa hii jaribio amekujibu.

Falanga yenye iko, na falanga yenye haiko

Mu nyumba nyingi za watu wa mugodi, kriki inapigana na minervali ya watoto, na minervali inashinda. Ni haki. Basi tuseme namna ya kufanya na kidogo.

Kama unataka tu kubadilisha pine, nunua losanje nzuri yenye urefu wa motokari yako. Kisha ongeza vitu vitatu vyenye haviombe falanga. Kimoja, kipande cha mubao mugumu, sentimetre 30 kwa 30, unene wa 3 mupaka 5, cha kuweka chini ya kriki. Mubao unagawanya uzito, na kriki haizame mu matope ya mvua. Viwili, makale mbili za mbao, zenye kukatwa kama pembe, za kuzuia mapine. Tatu, pine yako ya sekuru, ya kuingiza chini ya ubavu wakati motokari iko juu. Hii yote inaingia mu kofre, na inashinda kriki ya bei kubwa yenye iko peke yake.

Kama unataka kuingia chini ya motokari, kubadilisha mafuta ya moteri ao kuangalia frein, lazima shandeli mbili. Usitie matofali ya kuchoma, usitie bloki ya simenti. Tofali inaweza kubeba leo na kesho ikapasuka mara moja, bila kulia. Kama falanga ya shandeli haiko, nenda ku garaji yenye fosi. Utalipa kidogo, utarudi ku nyumba na kifua chako.

Ao fanya vile tulifanya avenue yetu. Nyumba tano tulifanya likelemba, tukanunua kriki rulanti moja na shandeli mbili. Zinachungwa mu lupango moja yenye iko na simenti. Mwenye iko na kazi anakuja pale na motokari yake, kriki haitembei mu mikono ya watoto. Kwa kila nyumba, falanga ilikuwa kidogo. Na kuko faida ingine: mutu hatumiki peke yake, daima jirani mumoja iko pale anaangalia.

Namna ya kuitumia

Simamisha motokari fasi yenye kulala sawa. Zima moteri, vuta frein ya mukono, tia vitesi ya kwanza, ao P kama ni otomatiki. Watu wote washuke, na watoto wakae mbali. Weka makale ku pine ya upande mwingine: ukipandisha mbele, zuia nyuma, ukipandisha nyuma, zuia mbele. Hii ya pili njo kubwa zaidi, kwa sababu katika motokari mingi frein ya mukono inashika paka mapine ya nyuma.

Regeza mabuloni kidogo wakati pine iko bado chini. Ukingojea motokari iwe juu, utavuta na nguvu na utaiangusha wewe mwenyewe. Weka mubao, weka kriki chini ya fasi yake, pandisha. Pine ya sekuru iingie chini ya ubavu. Tosha pine mubovu, tia nzuri, na ile mubovu ikamate fasi chini ya ubavu. Kaza mabuloni na mukono, moja na yenye kuangaliana nayo, kama nyota. Tosha ile ya chini, shusha, kisha kaza na nguvu yote. Kisha kilometre 50, kaza tena.

Pine ikitoboka ku barabara ya Likasi, kati ya makamio yenye kubeba shaba, usitengeneze ku pembeni ya goudron. Tembea polepole mupaka utoke barabara yote, hata kama janti itaumia. Tia trianguli mbali nyuma, washa taa za kuwaka-kuwaka. Janti inanunuliwa.

Ku nyumba, chunga kriki ya mafuta wima, pistoni chini, vana imefungwa. Usiitie mafuta ya frein, yanakula joinati. Tia mafuta ya kriki, ya idroliki. Losanje nayo inachafuka na vumbi yetu nyekundu: ipanguze vise na brosi, utie grisi kidogo, hata mara mbili kwa mwaka. Na zungusha kila moja mbele ya safari. Siku ya kuipima haifai kuwa siku ya kuihitaji.

Jirani yangu sasa iko na losanje yake, na mubao, na makale mbili. Makale alizikata yeye mwenyewe, lakini bibi yake njo anazichunga. Akitaka kupandisha motokari, lazima apite kwanza kumuomba, na mama anauliza paka neno moja: « Unaenda kubadilisha pine, ao unaenda chini? » Akijibu chini, mama hamupatie kitu. Anamuonyesha lupango yenye shandeli.